Mikrosatelaiti au SNP: upime nini unapochunguza jeni za perege?

Anayepanga kazi ya vinasaba vya perege, awe mwanafunzi wa shahada ya uzamili au msimamizi wa kituo cha kuzalisha vifaranga, hukutana mapema na swali moja: nipime nini? Samaki wawili wa spishi moja hutofautiana katika sehemu nyingi mno za DNA zao, na hakuna mwenye fedha za kuzipima zote kwa kila samaki. Siku hizi washauri wengi watakwambia uchukue SNP (tofauti za herufi mojamoja za DNA), kwamba mikrosatelaiti (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) zimepitwa na wakati. Kwa sehemu kubwa ya kazi za kawaida wana haki. Ila ushauri huo unaichukulia mikrosatelaiti kuwa alama ya kutambulisha samaki tu, na hapo ndipo ninapoachana nao. Katika samaki kuna mifano iliyochunguzwa vizuri ambamo marudio yenyewe yanahusishwa na jinsi jeni inavyofanya kazi. Anayeyatupa kwa sababu ni teknolojia ya zamani anaweza kutupa jibu la swali lake.

Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupanga kwa kufuata maswali ambayo watu huja nayo. Nitakaa zaidi kwenye lile la kazi ya jeni, maana ndilo linaloelezwa vibaya mara nyingi.

Tunalinganisha nini hasa

SNP ni badiliko la herufi moja. Mahali fulani kwenye kromosomu samaki huyu ana A, yule ana G. Karibu kila SNP ina aleli mbili tu, yaani sura mbili za mahali hapo. Mabadiliko ya namna hii huzuka kwa nadra sana, takriban mara moja kwa kila herufi milioni 100 katika kizazi kimoja, au hata chini ya hapo. Likishazuka, hurithiwa jinsi lilivyo kwa maelfu ya vizazi.

Mikrosatelaiti ni kipande cha herufi moja hadi sita kinachojirudia mfululizo: CACACACACA, na kuendelea. Kwa samaki, kama kwa wanyama wengine wenye uti wa mgongo, jozi ya CA ndiyo inayokutwa zaidi. Kinachotofautiana kati ya samaki na samaki ni idadi ya marudio: mmoja ana 14, mwingine 22, wa tatu 31. Chanzo chake ni kuteleza. DNA inaponakiliwa, uzi mpya unaweza kuhama kidogo juu ya uzi wa zamani, kama mtu anayevuta tasbihi akapoteza hesabu kwa kuwa punje zote zinafanana, na nakala ikatoka na jozi moja zaidi au pungufu. Hili hutokea mara nyingi, kwa kawaida kati ya mara moja kwa 10,000 na mara moja kwa 1,000 kwa kila mikrosatelaiti katika kizazi. Ndiyo sababu mikrosatelaiti moja inaweza kuwa na aleli 10 au 20 ndani ya ziwa moja.

Shika hayo mawili, kasi ya kubadilika na idadi ya aleli, kwa sababu karibu kila hoja hapa chini inatoka huko.

Mfano wa prolaktini

Perege wa aina mbalimbali hawalingani katika kuvumilia chumvi. *Oreochromis mossambicus* huishi hata kwenye maji ya bahari kamili. Sato, yaani *O. niloticus*, hustawi zaidi kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, na hupata shida chumvi inapozidi. Mfugaji wa mwambao anayechimba bwawa karibu na mikoko anaijua tofauti hii bila kufundishwa na mtu.

Mojawapo ya homoni zinazohusika ni prolaktini, inayotengenezwa kwenye tezi ya pituitari. Samaki akiwa kwenye maji baridi, chumvi ya mwilini huelekea kutoka kupitia matamvua na maji huelekea kuingia. Prolaktini humsaidia kuibakiza chumvi hiyo. Anapohamia maji ya chumvi mahitaji hugeuka, na kwa kawaida prolaktini hushuka. Perege wana prolaktini za aina mbili, moja ya asidi amino 188 na nyingine ya 177. Ile ya kwanza inatokana na jeni iitwayo prl1.

Mbele ya jeni hiyo lipo eneo la promota, ambapo protini za udhibiti hushika na kuamua jeni inakiliwe kwa kiasi gani (kunakiliwa huko ndiyo hatua ya kwanza ya kutengeneza protini yake). Ndani ya promota ya prl1 kuna mikrosatelaiti. Mwaka 2002 J. Todd Streelman na Thomas Kocher, waliokuwa Chuo Kikuu cha New Hampshire huko Marekani, walichapisha matokeo yaliyotokana na machotara wa *O. niloticus* na *O. mossambicus*. Samaki waliorithi aleli ndefu kwa baba na kwa mama walinakili prl1 kidogo kuliko wenzao walipokuwa kwenye maji baridi. Walipowekwa kwenye maji yenye nusu ya chumvi ya bahari, waliinakili zaidi kuliko wenzao. Tofauti hiyo iliambatana na tofauti ya ukuaji kwa samaki waliokabiliwa na chumvi.

Tazama kilichotokea hapo. Aleli ileile, jeni ileile, na athari inageuka kichwa chini maji yanapobadilika. Huwezi kuiita aleli ndefu nzuri au mbaya kabla hujasema samaki yuko kwenye maji gani. Kwa mtu anayeteua samaki wazazi hilo ni jambo zito, kwa sababu vituo vingi vya vifaranga huwapima wazazi kwenye maji baridi halafu huuza vifaranga kwa yeyote anayefika na ndoo, pamoja na mfugaji wa pwani.

Marudio yanawezaje kufanya hivyo? Ziko njia zinazojulikana. Mfululizo mrefu wa CA unaweza kupinda DNA ikachukua umbo lisilo la kawaida, liitwalo Z-DNA, linalojisokota upande wa kushoto. Tena, urefu wa marudio hubadilisha umbali kati ya sehemu mbili ambazo protini za udhibiti hushika, na protini zilizokuwa zikishirikiana zikajikuta mbali, au upande usiofaa wa uzi. Jeni yenyewe haijaguswa. Prolaktini inayotengenezwa ni ileile. Kinachobadilika ni kiasi chake na wakati wake.

Sasa kuna tahadhari ambayo mwanafunzi anapaswa kuishika kabla hajaandika pendekezo lake. Machotara wa kizazi cha pili hurithi vipande virefu vya kromosomu kutoka kwa babu na bibi zao. Aleli ndefu haisafiri peke yake. Inakuja na kila kilicho jirani yake kutoka kwa spishi ileile, zikiwamo SNP zote za promota na pengine za jeni za karibu. Kwa hiyo uhusiano kati ya urefu wa marudio na prolaktini, hata ukiwa imara, peke yake hautoshi kuyatia marudio hatiani. Mikrosatelaiti iliyo ndani ya promota ni alama na ni mtuhumiwa kwa wakati mmoja. Kuvitenganisha kunahitaji jaribio lingine: kuunganisha promota zenye urefu tofauti na jeni ya kutoa ishara ndani ya seli, au kukata na kubadili marudio yenyewe ndani ya samaki kwa CRISPR, kifaa cha kukata DNA mahali palipochaguliwa. Njia hiyo ya pili ilishaonyeshwa kwa perege mwaka 2014 kwa jeni nyingine, zile za jinsia na uzazi, kwa hiyo inawezekana.

Na je, SNP zingeliona hili? Ndani ya machotara hao, ndiyo, kwa sababu ya vile vipande virefu. SNP yoyote ya jirani ingebeba ishara. Kwenye samaki wa porini hali ni nyingine. Marudio hubadilika haraka, na SNP ya jirani imekaa palepale kwa maelfu ya vizazi. Aleli ndefu na aleli fupi zimeshajichanganya nyuma ya SNP ileile, na SNP yenye aleli mbili haiwezi kusimama badala ya kitu chenye aleli 15. Unaweza kupima SNP 50,000, ukatoka na jibu kwamba eneo la prl1 halina lolote, kumbe hukuwahi kukipima kilichokuwa na athari. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa katika ulinganisho huu. Swali likiwa la kazi ya jeni na kuna marudio ndani ya promota au ndani ya jeni, yapime marudio yenyewe.

Swali la utambulisho: huyu ni nani, na ni mtoto wa nani?

Hapa mizani inaegemea kwingine.

Kwa ukoo, yaani kujua vifaranga hawa wametoka kwa mama na baba yupi, mikrosatelaiti bado zinafanya kazi nzuri. Kwa kuwa kila moja ina aleli nyingi, zilizochaguliwa vizuri 10 hadi 15 hutosha mara nyingi kuwatenganisha wazazi wa kituo kimoja. Kwa SNP utahitaji kama 100, kwa kuwa kila moja inasema kidogo. Maabara yenye mashine ya PCR (ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na namna ya kupima urefu wa vipande inaweza kuimaliza kazi hiyo bila kutuma kitu nje ya nchi. Mwenye samaki 200 na bajeti ndogo asione haya kuzitumia.

Kwa uchotara kati ya spishi naegemea SNP bila kusita. Sababu ni ileile kasi ya kubadilika: mikrosatelaiti za spishi mbili zinaweza kufikia urefu sawa kwa njia tofauti kabisa, na wewe ukasoma ujamaa usiokuwepo. SNP zilizotulia, ambapo spishi moja ina A daima na nyingine G daima, hutoa jibu safi.

Jambo hili kwetu lina uzito wa pekee. Tanzania na majirani zake Kenya na Uganda zina perege wa asili wasiopatikana kiasili kwingine kokote: *O. hunteri* wa Ziwa Chala, *O. jipe* wa Ziwa Jipe na mto Pangani, *O. amphimelas* wa maziwa ya magadi kama Manyara na Eyasi, *O. urolepis* wa Rufiji na Wami, na *O. esculentus*, ngege wa asili wa Ziwa Victoria. Sato amepandikizwa sehemu nyingi na huzaliana na jamaa zake. Pakishakuwa na machotara, macho hayatoshi. Rangi hubadilika kwa umri, kwa jinsia na kwa hali ya maji.

Makosa ya utambulisho yana historia ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa samaki C. F. Hickling, akifanya kazi Malacca (Malaysia ya leo), alipandisha majike wa perege waliokuwa wakifugwa huko na madume waliotoka Zanzibar, akapata watoto madume watupu. Awali samaki wale wa Zanzibar walidhaniwa kuwa *O. mossambicus* wa kawaida. Baadaye ndipo ilipokubalika kwamba ni spishi nyingine, anayeitwa leo *O. urolepis hornorum*. Kizazi cha madume watupu, ambacho wafugaji hukitafuta kwa kuwa madume hukua haraka na bwawa halijai vifaranga, kilitokana na tofauti ya spishi ambayo aliyewasafirisha hakuijua. Leo SNP chache zingemwambia siku ileile.

Kuna faida nyingine ya SNP ambayo hujitokeza kazi ikishakuwa ya watu wengi. A ni A, iwe Mwanza, Kisumu au Entebbe. Urefu wa mikrosatelaiti hutegemea mashine, rangi iliyotumika na mkono wa aliyesoma. Kipande kinachosomeka 182 kwenye maabara moja kinaweza kusomeka 184 kwenye nyingine. Ukitaka takwimu za nchi tatu zinazozunguka ziwa moja ziunganishwe, mikrosatelaiti zitawatesa.

Kuteua wazazi kwa ukuaji

Hili ni fupi. Ukuaji hutokana na jeni nyingi zenye athari ndogondogo zilizotawanyika kila kromosomu. Kuzifuata zote kunahitaji alama nyingi zilizosambaa, na kwa hilo SNP hazina mpinzani. Vipo tayari vipimo vya sato vinavyosoma SNP zaidi ya 50,000 kwa mpigo.

Ila nasema wazi kwa mwenye kituo kidogo: huenda huhitaji DNA kabisa. Mradi wa GIFT, wa kuboresha perege wa kufugwa kwa kuteua wazazi, ulioanza Ufilipino mwaka 1988 kwa kukusanya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal pamoja na wa kufugwa kutoka Asia, ulipata maendeleo yake ya mwanzo kwa kuwapima samaki uzito, kuweka alama na kutunza kumbukumbu za familia. Mizani nzuri na daftari lisilopotea vitakupeleka mbali kabla ya kulipia sampuli ya kwanza.

Ukichagua marudio, ni marudio gani?

Wanaoamua kuchunguza marudio mara nyingi husahau kwamba nayo yana aina, na kila aina hugusa jeni kwa njia yake. Ya promota tumeyaona kwa prolaktini. Yako mengine matatu ambayo mtu wa samaki hana budi kuyajua.

La kwanza ni marudio yaliyo ndani ya jeni, sehemu inayotafsiriwa kuwa protini. Hapa hesabu ina sharti: marudio yakiongezeka kwa herufi tatutatu, protini hurefuka tu, yakiongezeka kwa mbili, usomaji wote unaofuata unaharibika. Kwa hiyo yanayodumu ndani ya jeni huwa ya herufi tatu au sita. Mfano maarufu ni jeni ya Clock kwa samoni wa Pasifiki, mojawapo ya jeni zinazoendesha saa ya mwili. Ina mfululizo unaotoa asidi amino aina ya glutamini mara nyingi mfululizo. Kathleen O'Malley na Michael Banks walionyesha mwaka 2008 kwamba kwa samoni aina ya Chinook, aleli za urefu tofauti hubadilika kwa mpangilio kadiri unavyopanda kutoka kusini kwenda kaskazini, kwa namna inayoashiria uteuzi wa asili. O'Malley alipoipanua kazi hiyo miaka miwili baadaye na wenzake, mpangilio huo ulionekana pia kwa samoni aina ya chum, lakini haukuonekana kwa coho wala kwa pink. Matokeo haya ya pili nayapenda kuliko ya kwanza, kwa sababu yanazuia haraka ya kutangaza kanuni. Samaki wanne wa jenasi moja, jeni moja, na wawili tu ndio walioitikia latitudo.

La pili ni marudio yanayovunja DNA. Stikilibaki wa miiba mitatu, *Gasterosteus aculeatus*, ni samaki mdogo wa bahari za kaskazini mwenye miiba tumboni inayomlinda. Baada ya barafu ya kale kuyeyuka, makundi yake yaliingia maziwa ya maji baridi, na mengi yakapoteza miiba hiyo, kila ziwa kivyake. Maabara ya David Kingsley, Chuo Kikuu cha Stanford, ilionyesha mwaka 2010 kwamba jeni inayohusika, Pitx1, ni nzima. Kilichofutika ni kipande cha udhibiti kiitwacho Pel, na kila kundi lilifuta kwa mipaka yake. Kwa nini palepale kila mara? Mwaka 2019 maabara hiyohiyo ilitoa jibu: Pel ina mfululizo mrefu wa TG ambao DNA yake huchukua umbo lisilo la kawaida na kuvunjika kwa urahisi. Inapounganishwa tena, kipande hupotea. Marudio hapa hayapunguzi wala kuongeza jeni kidogokidogo. Yanaamua ni wapi mabadiliko makubwa yatatokea mara kwa mara, na hivyo yanaufanya uteuzi wa asili uipite njia ileile ziwa baada ya ziwa.

TG ndiyo CA ikisomwa kwenye uzi wa pili. Jozi ileile ambayo kwa perege inahusishwa na homoni ya chumvi, kwa stikilibaki inavunja kromosomu. Mahali ilipo na urefu wake ndivyo vinavyoamua.

La tatu ni transposoni, vipande vya mamia au maelfu ya herufi vinavyojinakili na kuhamia sehemu nyingine za jenomu, yaani DNA yote ya kiumbe. Si mikrosatelaiti, lakini ni marudio, na kwa samaki ni mengi. Jenomu ya danio (*Danio rerio*) iliyochapishwa 2013 ilionekana kuwa na marudio kwa asilimia 52.2; ya samoni wa Atlantiki iko karibu na asilimia 60. Bunju wa Japani, *Takifugu*, yuko upande wa pili kabisa: jenomu yake haifiki herufi milioni 400, na marudio ni chini ya sehemu moja kwa sita.

Mfano wa kwetu wa transposoni unatoka kwa furu, jamaa wadogo wa perege. Madume wa furu wengi wana madoa ya njano kwenye pezi la nyuma, chini ya tumbo, yanayofanana na mayai. Jike, ambaye hubeba mayai mdomoni, huyafuata madoa hayo na kwa kufanya hivyo mayai yake hurutubishwa. Mwaka 2014 watafiti wa Basel, Uswisi, walionyesha kwamba kuzuka kwa madoa haya kunaambatana na transposoni fupi iliyojipachika mbele ya jeni fhl2b na kubadilisha udhibiti wake. Mwaka huohuo zilichapishwa pamoja jenomu za samaki watano wa Afrika wa familia ya sikilidi, wakiwamo sato na *Pundamilia nyererei* wa Ziwa Victoria, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Huko nako transposoni zilizoingia karibu na jeni zilionekana kuambatana na mabadiliko ya kunakiliwa kwa jeni hizo.

Kipimo cha SNP hakisomi moja kwa moja lolote kati ya haya matatu. Kinaweza kukupeleka jirani, na mara nyingi hilo ni msaada mkubwa, lakini kazi ya mwisho utaifanya kwa kifaa kingine.

Vifaa, na pale vinapodanganya

Mikrosatelaiti husomwa kwa PCR kisha kupima urefu. Jeli ya agarosi ni rahisi lakini haitofautishi vizuri vipande vilivyopishana herufi mbili. Kwa kazi ya maana tumia mashine ya kapilari, inayotenganisha vipande kwa urefu ndani ya mirija myembamba. PCR yenyewe huteleza kama DNA inavyoteleza mwilini, hivyo kando ya kilele cha kweli utaona vilele vidogo vya uongo, hasa kwa jozi za CA. Mwanafunzi mpya huvisoma kama aleli. Mtego mwingine ni aleli isiyoonekana: praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha PCR) ikishindwa kushika kwa sababu ya badiliko la herufi pale inaposhika, samaki mwenye aleli mbili tofauti anaonekana ana moja. Ukipata samaki wengi mno wenye aleli mbili zinazofanana, shuku praima kabla ya kushuku ndoa za ndugu.

Mtego wa tatu unawahusu zaidi wenye swali la kazi ya jeni. Urefu sawa haumaanishi mfuatano sawa. Vipande viwili vya herufi 182 vinaweza kuwa kimoja kina CA 20 zisizokatizwa, kingine kina CA 18 zilizokatizwa katikati na kuongezewa herufi pembeni. Kwa ukoo hilo halitakusumbua sana. Kwa kazi ya jeni ni tofauti kubwa, kwa kuwa mfululizo uliokatizwa hautelezi wala haupindi DNA kama mfululizo kamili. Kwa hiyo, usiishie kwenye urefu. Wasomee mfuatano kamili wa promota angalau samaki wachache wa kila aleli.

Wenye uwezo wa kusoma jenomu nzima wachague urefu wa usomaji kwa makini. Mashine zinazosoma vipande vifupi vya herufi 150 hivi ni nzuri na nafuu kwa SNP. Marudio yakizidi urefu huo, programu haijui kipande kianzie wapi, na ama inayafupisha au inayaacha. Teknolojia za usomaji mrefu, PacBio na Oxford Nanopore, huvuka marudio kwa mara moja. Jenomu ya sato ilirudiwa kwa usomaji mrefu na toleo lililoboreshwa likatoka 2017, na maeneo mengi yaliyokuwa matupu yakajazwa. Ukitumia jenomu ya kumbukumbu, yaani ile unayolinganishia samaki wako, tumia toleo hilo au lililotoka baada yake. Kuyatafuta marudio kwenye la 2014 ni kutafuta kile ambacho teknolojia ya wakati ule ilishindwa kukisoma vizuri.

Ningechagua hivi

Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na sampuli za mapezi kutoka bwawa moja, anayetaka kujua ukoo: mikrosatelaiti 12 hivi, kapilari, basi. Anayetaka kujua kama perege wa Pangani au Rufiji wamechanganyika na sato: SNP, hata chache, zilizochaguliwa kutoka kwa samaki wa asili waliothibitishwa. Kituo kikubwa chenye mpango wa uteuzi wa miaka mingi: kipimo cha SNP, baada ya daftari la familia kuwa safi. Anayechunguza rangi au umbo la furu: usomaji mrefu, akijua tangu mwanzo kwamba jibu linaweza kuwa transposoni.

Anayetaka perege wa maji ya chumvi, ambaye ndiye ninayemwandikia zaidi, angefanya vyote viwili kwa mpangilio. Aanze na SNP chache za kuthibitisha spishi, asije akapima uchotara akidhani anapima prolaktini. Kisha apime urefu wa marudio ya promota ya prl1 kwa wazazi wote, asome mfuatano wa wachache, na apandishe kwa makusudi ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, na mchanganyiko, akitumia wazazi wa kundi moja la *O. urolepis* au *O. mossambicus*, bila kuchanganya spishi. Hapo ule mzigo wa vipande virefu vya kromosomu unapungua sana. Vifaranga wa kila familia wagawanywe nusu kwa nusu, nusu kwenye maji baridi na nusu kwenye maji yenye chumvi ya gramu 15 hadi 17 kwa lita, wapimwe uzito kwa ratiba moja, na tezi za pituitari za baadhi yao zihifadhiwe kwa ajili ya kupima prl1. Asikubali kushawishika kupunguza gharama kwa kuacha mojawapo ya maji hayo mawili. Athari ikigeuka kati ya maji baridi na ya chumvi, kama ilivyogeuka mwaka 2002, jaribio la maji ya aina moja litampa nusu ya jibu, na nusu hiyo itamfanya awatupe wazazi ambao mfugaji wa pwani anawahitaji.